Mkate wa Kwenda Kokandi

"Karibu, jirani. Nikusaidie nini?"

Muhayyo alikuwa amesimama juu ya kiti uani kwao, mkono mmoja umeshika utepe aliokuwa akiufunga kwenye mzabibu, mwingine umeshika simu. Shughuli au si shughuli, simu hiyo haizimwi.

Siku hiyo Ukuta Mmoja ilikuwa inatimiza miaka mitatu. Sisi wa mji wa Margilan jirani wa karibu kabisa tunamwita wa ukuta mmoja, na jina hilo ndilo Muhayyo alilolipa orodha yake ya mtandaoni. Ukiifungua kwenye simu unawakuta wote wa mtaa wa Chinorli wanaoishi kwa kazi ya mikono yao: mshona majoho, mnoa visu, mama wa sambusa za tanuri, mzee anayepiga pamba za magodoro mpaka zinarudi kuwa laini. Na kwa wale ambao hawapatani na mambo ya skrini, ipo namba moja ya kupiga. Ukiipiga unapokewa na Muhayyo mwenyewe. Namba hiyo ndiyo iliyoleta vita vyote.

"Nataka mshenga," ilisema sauti ya mama mtu mzima, sauti ya kuamrisha hata inapoomba. "Wifi yangu kanipa namba hii, akasema ukikwama na jambo, piga hapa utapatiwa mtu. Nimekwama."

"Usijali, hola," alisema, kama tunavyomwita kwetu mama yeyote mkubwa, "utapatiwa. Mshenga wa lini?"

"Wa leo."

"Leo leo?"

"Leo mchana. Niliyekuwa niende naye mgongo umemkamata, hawezi hata kuvaa viatu. Na kule mjini Kokandi wanatungoja kwa chai. Niende peke yangu kama muuza vitunguu?"

Muhayyo akacheka. Akina mama wa namna hii aliwapenda. Wakali mdomoni, na simu wakiishaikata wanakuombea dua.

"Basi niambie kidogo habari za kijana, hola, ili mshenga ajue anamsemea nani."

"Mwanangu wa pekee. Mwokaji mkate, kama baba yake na babu yake. Nyumba ya mikate ya pale konani Chinorli. Waulize wote wanaijua, sisi hatuhitaji matangazo."

Utepe ulimponyoka Muhayyo ukaanguka chini.

Alishuka kwenye kiti taratibu, akakaa. Moyo ulikuwa unampiga kwa nguvu hata akaogopa utasikika upande wa pili. Mwana wa pekee wa nyumba ile ya mikate alikuwa Asror. Na Asror, kwa miaka miwili sasa, alikuwa ni wake.

"Upo?" iliuliza sauti.

"Nipo, hola."

Angeweza kusema hakuna. Angeweza kusema washenga wote wana shughuli leo, au kumpa yule mama wa ng'ambo ya mfereji ambaye kila posa anayoipeleka inarudi na matusi. Nani angejua? Alifumba macho. Akawafikiria watu waliompa majina yao na kumwambia, sisi tunakuamini wewe. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia: tunakuamini isipokuwa siku utakapoumia.

"Nataka aliye bora," mama aliendelea. "Si wa kubabaisha."

"Aliye bora ni dada yetu Saltanat-opa," alisema Muhayyo. Alishangaa kusikia sauti yake imetulia. "Yeye hajawahi kwenda nyumba ya watu akarudi ameinamisha kichwa. Shika namba yake. Mchana yuko kwenye pilau moja hapa mtaani, lakini ukimpitia atakwenda nawe."

"Mungu akubariki, mwanangu. Una adabu, wewe. Mama yako amelea. Umeolewa?"

"Bado, hola."

"Watakuona. Mtoto mwenye sauti kama hiyo hakai nyumbani." Na simu ikakatwa.

Muhayyo alibaki ameikodolea macho ile simu. Halafu akaokota utepe, akapanda tena kwenye kiti, akaufunga. Machozi yalimtoka akiwa anafunga, lakini aliufunga vizuri.

* * *

Asror alikuja kabla ya adhuhuri, amebeba kapu la mikate kichwani kama wanavyobeba waokaji wetu. Mikate hiyo haikuagizwa na mtu. Aliioka alfajiri kwa ajili ya shughuli ya mpenzi wake na akaitoa kwa mlango wa nyuma mama yake asione. Ndivyo alivyokuwa Asror: mkarimu wa mlango wa nyuma.

Alimkuta Muhayyo peke yake chini ya mzabibu akipanga piyala, vile vibakuli vya chai. Alikuwa amevaa gauni la hariri ya atlasi, zile rangi zake zinazokimbizana, nywele kazisuka na kuziacha mgongoni. Asror alitua kapu, akasahau hata kusalimia. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa joto la tanuri na nyusi zake zilikuwa na unga. Kwa kawaida Muhayyo angenyoosha kidole akaufuta.

"Hongera," Asror alisema kwa upole. "Miaka mitatu. Mtaa mzima unakuzungumzia wewe."

"Na Kokandi wanamzungumzia nani?"

Asror aliganda.

"Nani kakwambia?"

"Mama yako."

"Mama yangu? Kakwambia wewe?"

"Kanipigia simu asubuhi. Hakujua ni mimi. Alikuwa anatafuta mshenga."

"Ukamwambiaje?"

"Nikampa Saltanat-opa."

"Umempa!" Asror alishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Muhayyo, una akili kweli? Saltanat-opa akienda Kokandi jioni nimeshachumbiwa! Yule mwanamke anaweza kumwozesha hata mti!"

"Aliomba aliye bora. Nikampa aliye bora. Kazi ni kazi."

"Ungesema hakuna!"

"Nimdanganye?" Muhayyo alipiga piyala mezani, nusura ivunjike. "Nichukue jina nililolijenga miaka mitatu nilitupe, kwa sababu ya mwanamume anayeshindwa kumwambia mama yake neno moja? Wewe ulijua habari ya Kokandi tangu lini?"

Asror alianza kuitoa mikate kwenye kapu.

"Tangu lini, Asror-aka?" Hata akikasirika alimwita aka, yaani kaka, kwa adabu.

"Tangu wiki iliyopita. Nilimwambia sitaki."

"Ulimwambiaje? Hebu niambie kama ulivyomwambia."

"Nilimwambia... tutaona."

Muhayyo alicheka, kicheko cha kuumia. "Tutaona! Mama anafunga mkate wa posa, na mwanawe anasema tutaona."

Mambo haya hayakuanza siku hiyo. Muhayyo alikwenda kwenye nyumba ya mikate mara ya kwanza kuomba waingie kwenye orodha. Mama mwenyewe, Oynisa-hola, hakutoka hata kumtazama. Alijibu kutoka ndani kwamba mkate wao unajitangaza kwa harufu yake. Asror ndiye aliyemsindikiza hadi mlangoni, akampa mkate wa moto kwa aibu, wakatazamana, na basi, mambo yakawa yameharibika. Alipotaja jina la Muhayyo nyumbani, mama alitoa sharti lake: msichana ambaye namba yake iko mfukoni mwa kila mwanamume wa mji huu hawezi kuwa mkwe wangu. Aiache simu hiyo, aikabidhi kwa mtu mwingine, ndipo tuzungumze.

"Sikia," Asror alisema sasa, akisogea karibu. Sauti yake ilikuwa ya kubembeleza. "Nilikuomba jambo dogo tu. Mpe namba binamu yako aishike mwaka mmoja. Mama akishakuzoea, akishakupenda, utaichukua tena. Mwaka mmoja, Muhayyo. Kwa ajili yetu."

Muhayyo alimtazama. Alizipenda zile nyusi zenye unga. Alimpenda mno, na sitaficha, mkono wake uliinuka wenyewe ukitaka kumshika. Akaurudisha.

"Unamjua Ergash-ota?" aliuliza. "Yule mzee wa kupiga pamba. Kabla ya Ukuta Mmoja alikuwa anakaa kizingitini kwake kutwa nzima na fimbo zake za kupigia pamba mapajani, akingoja mtu. Watu walikuwa wananunua mablanketi ya dukani. Siku niliyompelekea mteja wa kwanza, alinishika mkono akalia. Wajane wangapi humu wanashona usiku na kuuza mchana, na wanaume wanaonunua hawawaoni hata sura? Wananipigia mimi, na mimi ndiye ninayezungumza na wanaume hao kwa niaba yao. Hiyo ndiyo namba ambayo mama yako anaionea haya. Mimi naionea fahari. Nikiingia nyumbani kwenu nimeiacha mlangoni, atakayeingia si mimi."

"Na mimi je?"

"Wewe chagua mke unayemtaka. Wa Kokandi ana simu ya kimya."

Nje watu walikuwa wameanza kufika. Asror akachukua kapu tupu, akaondoka kwa mlango ule ule wa nyuma.

* * *

Kufikia adhuhuri ua ulikuwa umejaa. Wanaume walikaa upande wa mzabibu, wanawake kwenye baraza, kama ilivyo kwetu, lakini siku hiyo vicheko vilikuwa vinavuka kutoka huku kwenda kule. Baba yake Muhayyo alikuwa kwenye sufuria kubwa ya pilau na mwiko mikononi, na hakuna aliyeruhusiwa kukaribia. Kila mtu alikuwa amekuja na kitu cha kazi yake. Mnoa visu alikuwa amenoa visu vyote vya jikoni mwa Mastura, mama yake Muhayyo, bila kuombwa, na Mastura alikuwa ameshajikata mara moja akikata karoti na kulaani kwa furaha.

"Kabla ya mwanao huyu," mshona majoho alimwambia, "nilikuwa nashonea ndugu zangu bure. Sasa ndugu zangu wanapanga foleni nyuma ya wateja."

"Wacha wapange," alisema Mastura. "Ndugu wamezoea vya bure."

Muhayyo alipita na birika la chai ya kijani, anamimina, anatania, anapokea pongezi. Shingo ilikuwa juu. Ila mtu aliyemjua vizuri angeona jinsi alivyokuwa akitupia jicho lango, halafu akilikwepa.

Saltanat-opa alikuwa amekaa kwenye baraza amevaa kila kitu cha dhahabu alichokuwa nacho. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye maneno matamu yasiyokwisha.

"Mimi nitakula haraka haraka," alitangaza. "Kuna mama atanipitia. Nina safari ya posa Kokandi."

"Posa ya nani?" wanawake waliuliza kwa pamoja.

"Ya watu. Mnataka niwaambie ili ifike kabla yangu?"

Hapo ndipo Oynisa-hola alipotokea langoni.

Alikuwa amevaa joho jeusi la mahameli na kitambaa cheupe kichwani, mrefu, amenyooka. Mikononi alibeba bahasha kubwa ya kitambaa cheupe iliyofungwa fundo juu. Kila mwanamke aliyekuwepo alijua ilikuwa na nini: mkate mpana wa siagi uliochorwa maua, na peremende pembeni. Ndio mkate wa posa. Unaupeleka kwa nyumba ya msichana. Wakiuvunja na kuomba dua, mmechumbiana, hakuna wa kutengua. Wakikurudishia mzima ndani ya kitambaa chake, umejua jibu lako, nenda nyumbani. Oynisa-hola alikusudia kusimama pale pale langoni, amwite Saltanat, waende. Katika nyumba hii hakutaka kuingia.

Lakini kwetu mtu hasimami langoni siku ya pilau. Na mgeni akija na bahasha mkononi, mwenye nyumba huipokea kabla hajampokea yeye, akaifungua, akaweka kilichomo mezani kwa heshima. Watoto wanajifunza hivyo kabla hawajajua kuhesabu. Mastura alipomwona mama yake Asror amesimama langoni kwake na mkate wa posa mikononi, alifikiri kile ambacho mama yeyote angekifikiri. Alikuwa amelia usiku wa jana kwa ajili ya binti yake na lile sharti la nyumba ya mikate. Leo Mungu amesikia.

"Oynisa-opa!" alisema, macho yamemjaa machozi. "Karibu, karibu sana! Siku kama ya leo! Nyumba yetu imepata heshima!"

Akaichukua bahasha. Oynisa-hola alijaribu kuishika, lakini wanawake watatu walikuwa wameshamkumbatia, Saltanat-opa alikuwa anambusu mashavu, mwingine anamvua joho.

"Ngoja, huo mkate..." alisema.

"Umewekwa mahali pake, hola, usiwe na wasiwasi!"

Kwa kweli ulikuwa umewekwa mahali pake. Mastura aliufungua akaupeleka mwenyewe hadi mbele ya Ergash-ota, mkubwa wa wote waliokuwepo, ambaye alikuwa ameombwa kuifungua shughuli kwa dua. Mzee aliuona mkate ule mzuri. Akauinua kwa mikono yake miwili yenye mishipa, akasema Bismillahi, akauvunja.

Ulivunjika kwa sauti kavu.

"Mungu ajalie heri!" alisema mzee. "Wanaoungana leo waungane kwa upendo na wazeeke pamoja!" Yeye alikuwa anamaanisha wafanyabiashara. Mikono yote ikapita usoni. "Aamin!"

"Mzee!" Oynisa-hola alipiga kelele. "Huo mkate si wa hapa! Huo ulikuwa unakwenda Kokandi!"

Ergash-ota alibaki na vipande viwili mikononi, anaviangalia kama mtu aliyevunja chombo cha wageni. Mastura alishika mdomo. Na hapo Saltanat-opa, mwenye ujuzi wa mambo haya kuliko sote, alitoa hukumu:

"Mkate umevunjwa, dua imeombwa, na aamin imesemwa na mtaa mzima. Haya. Ni uchumba huo."

Weee! Ua ulilipuka. Wanaume wakacheka, wanawake wakapigana mabega, mtu mmoja akaanza kupiga ngoma ya mkono. "Hongera Muhayyo!" "Hongera kwa mama mkwe!" Oynisa-hola alikuwa mweupe kuliko kitambaa chake. Aondoke? Mkate umevunjwa katika nyumba ya watu mbele ya macho ya mtaa wote. Abaki? Hakuja kwa ajili ya msichana huyu. Alinaswa, na kila mtu aliona kwamba alinaswa, na wengine, Mungu awasamehe, walifurahia.

Asror alikuwa ameingia. Alimfuata mama yake nyuma, hakuna aliyejua tangu lini alikuwa amesimama pale. Macho yake na ya Muhayyo yakagongana juu ya vichwa vya watu, na usoni mwa kijana furaha ilikuwa imeshaanza kuchomoza, furaha ya mtu ambaye mlango umemfungukia bila kubisha.

Muhayyo aliiona furaha ile, akaipenda, na ikamchoma. Alikuwa ameota siku hii mara ngapi? Sasa imekuja yenyewe, ya bure. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu na kuinamisha kichwa kwa haya.

Akatua birika.

"Hapana," alisema.

Ngoma ikanyamaza.

"Mama, lete kitambaa." Mastura hakusogea, basi akakichukua mwenyewe. Akaupokea mkate kutoka kwa mzee kwa adabu, akakiweka kipande juu ya kipande, akafunga fundo juu yake. "Mimi sikuposwa. Huu ni mgeni aliyepotea njia, akaingia nyumba isiyo yake. Mgeni wa namna hiyo hatumshiki mateka."

"Muhayyo!" mama yake alinong'ona. "Mtoto, usichezee bahati!"

"Sichezi, mama. Nampenda Asror-aka, na kama kuna asiyejua humu ndani, basi sasa anajua." Baraza zima lilivuta pumzi, msichana hasemi hivyo mbele ya wazee. "Nampenda. Lakini sitaolewa kwa makosa ya mtu aliyefungua bahasha. Anayenitaka aje mlangoni akiwa amelitaja jina langu."

Alimgeukia Oynisa-hola, akampa bahasha kwa mikono miwili.

"Utusamehe, hola. Mkate mwingine utapatikana kabla hamjafika barabara kuu, nitapiga simu sasa hivi. Saltanat-opa, wewe uliahidi kazi. Kaifanye."

Oynisa-hola hakuipokea bahasha. Alikuwa anamkodolea macho.

"Sauti hii," alisema polepole. "Rudia."

"Niseme nini, hola?"

"Wewe ndiye uliyenijibu asubuhi."

"Ndiye mimi."

"Ulijua ninamtafutia nani mshenga?"

"Ulipotaja nyumba ya mikate nilijua."

"Na ukanipa Saltanat." Sauti ya mama ilitetemeka kwa mara ya kwanza. "Ungenipa mjinga yeyote. Nisingejua."

"Uliomba aliye bora, hola."

Hata baba yake Muhayyo alikuwa ameacha pilau yake, mwiko hewani. Na hapo, mbele ya watu wote, Asror alipita katikati ya wanaume, akavuka hadi upande wa baraza, akasimama mbele ya mama yake. Alikuwa anatetemeka, maskini, lakini alisimama.

"Oyi, mama yangu," alisema. "Mimi Kokandi siendi. Wiki iliyopita nilisema tutaona. Niliogopa. Sasa nasema mbele ya mtaa: simtaki mwingine. Ninamtaka huyu, na simu yake, na kelele zake, na watu wake wote. Ukikataa nitakuheshimu na nitaendelea kukuokea mkate mpaka nizeeke, lakini mke mwingine sitaoa."

Muhayyo aligeuza uso upande wa ukuta. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Umechelewa," alisema bila kumtazama.

"Najua."

"Lakini umesema."

"Nimesema."

Simu iliita. Iliita kwa sauti ile inayojulikana na mtaa mzima. Muhayyo aliitazama, akamtazama Oynisa-hola, na vidole vyake vikasita. Watu wote walikuwa wanamwangalia mama mkwe mtarajiwa, maana kitu kile kile alichokitolea sharti kilikuwa kinalia mbele yake.

Iliita tena.

"Sasa unangoja nini?" Oynisa-hola alisema. "Pokea. Mtu anapiga, ana shida yake. Kama nilivyokuwa mimi."

Muhayyo aliiweka bahasha mezani, akafuta macho kwa kiganja, akaiinua simu.

"Karibu, jirani," alisema. "Nikusaidie nini?"

Oynisa-hola alimsikiliza. Alimsikiliza akimuuliza mtu wa upande wa pili habari za tundu la paa, akimtuliza, akimpa jina la fundi na kumwambia usimlipe mpaka mvua inyeshe uone. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaichukua bahasha mezani, akaifungua, akavitoa vile vipande akavigawa kwa wanawake waliokuwa karibu naye, kimoja huku kingine kule.

"Kuleni," alisema. "Ni mkate mzuri. Lakini mtoto wa Mastura haposwi kwa mkate uliookwa kwa ajili ya mtu mwingine. Hata mimi nina heshima yangu."

"Na Kokandi niwaambieje?" Saltanat-opa aliuliza, mdomo umejaa. "Wametandika meza wale."

"Waambie tunawaomba radhi. Walikuwa wanatungoja kwa chai tu, hatukuahidiana."

"Nitawaambia mkate umevunjika njiani. Hata si uongo."

Watu walicheka, na Mastura alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, amemshika Ergash-ota mkono, na mzee anauliza kila mtu kama amefanya kosa au amefanya jema. Oynisa-hola alichukua joho lake, akalivaa, akalifunga vifungo kimoja kimoja. Alipofika karibu na Muhayyo alisimama. Walikuwa wa kimo kimoja. Hawakukumbatiana, wote wawili hawakuwa watu wa kukumbatia haraka.

"Jina lako nalijua," alisema mama. "Lakini nitalitaja nikiwa nimekuja kwa ajili yake. Jioni mtakuwepo nyumbani?"

"Tutakuwepo, hola."

"Vizuri." Akaenda hadi langoni, na pale pale akaanza kukunja mikono ya joho lake. "Asror! Umesimama hapo kufanya nini? Kawashe tanuri. Unga wa leo nitaukanda mwenyewe."